Nyumba ya Sabuni Haifungi Mlango

Kindu, 17 Septemba 2002

Kwa wifi yangu Riziki, Lokandu,

Nimeikunja barua hii ndogo ili mzee wa baiskeli aifiche ndani ya kofia yake, kwa hiyo usinilaumu kama herufi zimebanana. Kwanza ujue tuko hai. Mdogo wako Djamali yuko hai, mama yako yuko hai, na mimi mliyenileta humu ndani kama bibi arusi ningali na pumzi. Njia zimefungwa pande zote, treni haiji, boti haziji. Sokoni huoni chumvi wala sabuni.

Sabuni sasa inatoka kwetu. Mama anachoma maganda ya ndizi, anayaloweka majivu yake, anachuja yale maji, anayapika na mawese. Inatoka nyeusi na laini, lakini inatoa povu, na mji mzima unaijua. Mimi nimepewa kazi moja tu, kukalia kigoda chako cha mlangoni. Uliolewa ukakimbilia Lokandu ukaniachia kigoda bila hata kunionya!

Mama alinieleza desturi ya nyumba. Anayetaka sabuni ya kufulia anapiga hodi, anatoa muhogo wake au samaki wake, anapewa. Lakini anayetafuta sabuni ya kuoshea maiti hapigi hodi. Anasimama kimya mlangoni. Wewe unampa kipande, humuulizi nani, hupokei kitu. Ndiyo maana mlango haufungwi kamwe, maana ukifungwa, yule asiyepiga hodi ataondoka mikono mitupu.

Wiki hii wamesimama wengi. Jana alisimama jirani yetu Isidore. Si mwenzetu wa dini, lakini alijua desturi. Nilimpa, akageuka, nikaona amefunga vifungo vya shati kwa kupishana, kimoja juu kimoja chini, nikalia pale pale kwenye kigoda. Mkewe ndiye aliyekuwa akimfungia.

Mama yako ni chuma, wifi. Akishaswali adhuhuri anakwenda nyuma kwenye maji yake ya majivu, simwoni tena mpaka alasiri. Jua lote lile! Watu wakija wakimtaka, mimi ndiye nawajibu. Hapumziki mwanamke yule. Nimejiapiza kwamba nikijaliwa kuishi, nitakuwa kama yeye.

Wako,
Rachida

*

Lokandu, 2 Oktoba 2002

Wewe mke wa mdogo wangu,

Kofia ya mzee imefika, na jasho lake limefika pia, nusu ya ukurasa nimeusoma kwa kubahatisha. Nimelia kwa ajili ya Isidore. Mkewe alinisuka nywele siku ya arusi yangu, akanivuta mpaka macho yakawa kama ya paka. Mungu amlaze pema.

Huku tunakula samaki asubuhi, samaki mchana, na jioni tunaongea habari za samaki. Mimi nina mimba, usimwambie Mama bado, ataanza kutembea kwa miguu kuja huku na vita hivi.

Umeandika Mama ni chuma. Nimecheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Hayo ya Mama nitakueleza siku tutakapokaa mkeka mmoja, si mambo ya kupanda kofia ya mtu. Wewe kaa kwenye kigoda chako, mtoto mzuri.

Mtunze Djamali. Ukimkondesha nitakuja kumchukua.

Riziki

*

Kindu, 11 Novemba 2024

Wifi yangu Riziki,

Bidoni za mawese zimefika salama, zote zimejaa, na mwenye boti sasa anangoja barua hii. Najua watu watatucheka, wazee sisi, tunaandikiana barua mwaka huu. Lakini simu yako haishiki mpaka upande kilimani karibu na kanisa, na huko kilimani Lokandu nzima imesimama inasikiliza. Ninalotaka kukwambia si la kilimani.

Nimechoka, Riziki. Sijapata kukwambia hivyo hata mara moja, wala wakati wa vita. Biashara imekua, alhamdulillah, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Siku hizi napika kwa soda kali ya dukani badala ya majivu, natia majani ya mchaichai, sabuni inatoka ya manjano safi. Mahoteli yanaitaka, wanafunzi wa bweni wanaitaka, kila arusi inataka vipande vya kugawia wageni. Jirani yangu Mamy ananisaidia kukata kwa waya na kupanga. Bado hatutoshi.

Watu wanaingia kama maji. Nikinywa chai, mtu kasimama. Nikiswali, mtu kakaa nyuma yangu ananingoja nitoe salamu. Juzi nilipoteza hesabu ya rakaa kwa sababu nilikuwa nawaza sufuria. Juzi tena nilikuwa naoga, mama mmoja akaniita juu ya ukuta wa bafu: "Mama Rachida, uko naoga na sabuni gani? Ile yenye kunukia? Basi nipatie na mimi." Nikampitishia, na povu langu mwilini. Mamy alicheka siku mbili. Mimi nilicheka pia, halafu nikaingia chumbani nikalia.

Mvua za mwezi huu hazituachi, kwa hiyo sabuni haikauki nje. Zimejaa sebuleni, zimejaa chini ya kitanda. Mchana naziweka na juu ya kitanda, jioni naziondoa tulale. Watoto wamekwenda zao, Malaika kwa mumewe Kampene, Hamidou masomoni Kisangani. Tumebaki wawili tu, mimi na Djamali, katika nyumba yenye vyumba vinne, na hatuna pa kukaa.

Sasa sikiliza. Djamali akimaliza kufundisha mchana, harudi. Zamani alikuwa anarudi, anakula, analala kidogo, anasahihisha madaftari yake. Sasa anaingia jua limeshapoa, ananyamaza, ameoga. Mamy akaumauma maneno, nikambana, akasema amemwona mara nyingi akiingia uwanja wa Nicole, yule mjane anayeuza unga kule Mikelenge. Nikasema labda ananunua unga. Asubuhi yake nikatandika kitanda, na mto wake haupo.

Mto wake wa kulalia, Riziki! Mwanaume anayetoka na mto hajaenda kusalimia.

Sitamuuliza. Nikiuliza akanijibu, nitafanya nini na jibu? Na ukweli ni kwamba simlaumu sana. Mara ya mwisho tulipokaa tukaongea bila mtu katikati sikumbuki. Juzi aliniambia jambo, nikamjibu, "Zimebaki za mchaichai tu." Alinitazama, akatoka. Sijui mpaka leo alikuwa ameniambia nini.

Mamy ananiambia nifunge mlango angalau mchana. Nimejaribu. Nilishika komeo nikamwona Mama, Mungu amrehemu, na jua lile na vita vile, na hakufunga. Mimi nina soda ya dukani na amani, nifunge? Na akija asiyepiga hodi? Nikaliacha komeo.

Naogopa kupoteza nyumba yangu nikiwa nimekaa ndani yake. Zungumza na ndugu yako. Au usizungumze. Sijui ninataka nini, nataka kulala.

Rachida

*

Lokandu, 19 Novemba 2024

Djamali, mtoto wa mama yangu,

Sina salamu. Salamu utazipata ukinijibu vizuri.

Nimesikia una mto unaotembea. Mwalimu mzima, umefundisha nusu ya Kindu mito na milima, sasa unaonekana ukibeba foronya mchana kweupe kwenda kwa mjane. Kama umeoa, sema umeoa. Dini imekuruhusu, lakini dini haikukuruhusu kumwacha mkeo asikie kwa majirani. Na mimi dini haikunikataza kupanda boti kuja kukuvuta masikio hayo makubwa mbele ya wanafunzi wako.

Yule mwanamke alikalia kigoda cha mama yetu watu wakifa. Alikulisha miaka ambayo mshahara wenu walimu ulikuwa habari ya redioni tu. Namtaka wifi yangu huyo huyo, sitaki mwingine, nimeshamzoea.

Andika. Usitume salamu kwa mdomo wa mwenye boti, ataongeza chumvi.

Dada yako,
Riziki

*

Kindu, 27 Novemba 2024

Dada Riziki,

Nakuheshimu, na masikio yangu nayaomba yabaki mahali pake. Nimesoma barua yako nimesimama, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna kiti kisicho na sabuni. Naomba uisome hii umekaa, kwa niaba yangu.

Sijaoa. Mama Nicole nimemsalimia kila siku kwa adabu, na kila siku ananijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye unga wake. Katika uwanja wake kuna chumba kimoja alichompangisha Florentin, fundi wa redio, unamkumbuka, tulisoma naye. Ndiko ninakokwenda. Kwenda kufanya nini? Kulala, dada. Nalala. Florentin anatengeneza redio zake, mimi najinyoosha kwenye mkeka wake nalala. Nilichukua mto kwa sababu wake umejaa pamba za mwaka wa kuzaliwa kwake na unanuka gundi. Nikiamka naoga, maana chumba chake kinachemka, halafu narudi nyumbani.

Ndiyo hayo yote. Naona aibu kuyaandika kuliko kama ningekuwa nimeoa kweli. Mwenye mke wa pili watu wanamwelewa.

Utauliza mbona sikumwambia Rachida. Ningemwambia nini? Kwamba sabuni imejaa kitandani? Sabuni hiyo ndiyo iliyomsomesha Hamidou. Sabuni hiyo ndiyo iliyonifunga viatu miguuni nikaenda kufundisha bila mshahara nikiwa nimeshiba, na wenzangu wananiuliza siri yangu. Mwanaume wa namna hiyo hafungui kinywa kulalamika ati hana pa kuweka ubavu. Nikawaza: acha nimpunguzie mtu mmoja humu ndani. Watu wote wanamtaka kitu. Mimi angalau nisimtake.

Nilijaribu siku moja. Niliingia nikamkuta anakata, nikamwambia, "Rachida, nimekukosa." Akanijibu, "Zimebaki za mchaichai tu." Nikaona basi, niko kwenye foleni kama wengine, na zamu yangu bado.

Huo ndio ukweli, dada. Nimemkosa mke wangu, na yuko pale pale. Namwona akipita na karai, ana unga wa sabuni kwenye nyusi, ananitabasamia haraka kama anavyomtabasamia mteja anayelipa. Namtaka aketi. Hata asiseme neno, aketi tu, nami niwe karibu.

Tafadhali usimwambie haya. Akijua nalala mkeka wa Florentin atajiona mke mbaya, ataongeza kazi nyingine juu ya kazi, ya kunitunza mimi. Niapie.

Mdogo wako,
Djamali

*

Lokandu, 3 Desemba 2024

Rachida, mla mali ya mdogo wangu,

Bidoni mbili tu safari hii, makusudi. Umefika mahali unahitaji mtu wa kukunyima mafuta.

Habari ya mto nimeuliza, nikajibiwa, nikaapishwa nikae kimya, na mimi nikiapa naapa. Nitakupa kidogo tu kisichovunja kiapo: huna mke mwenza. Hakuna mwanamke. Mamy ana macho mazuri, lakini akili inabaki nyuma ya macho. Mengine mwenye mto atakwambia, ukimpa nafasi ya kusema.

Sasa tuje kwa Mama, maana naona umembeba mgongoni miaka hii yote na hakukutuma.

Umeniandikia kwamba ulishika komeo ukamwona Mama na jua lile. Nikakumbuka barua yako ya kofia, wakati wa vita. Nilikuahidi kwamba nitakueleza jambo tukikaa mkeka mmoja. Halafu vita vikaisha, boti zikapita tena mtoni, tukakutana tukiwa na watoto migongoni, Mama akafariki mwaka ule ule, na mambo ya kumcheka marehemu nikayaweka pembeni, yakalala huko. Basi nakueleza leo.

Mama alikuwa analala.

Soma tena kama hukuamini. Adhuhuri ikishaswaliwa, Mama anakwenda nyuma, anajimwagia maji, anatandika kanga mbili kwenye kile kichumba cha kuni kilichokuwa na kivuli, analala mpaka alasiri kama mtoto aliyenyonya. Maji ya majivu yalikuwa yanajichuja yenyewe, wifi! Yanadondoka tone tone, hayataki mtu wa kuyatazama. Mimi nilikalia kigoda kile kabla yako, tangu vita vinaingia mpaka naolewa, na mimi pia nilidhani anafia kazini huko nyuma. Siku moja askari walipita wakipiga kelele, nikakimbia ndani kumwita, nikamkuta anakoroma. Nikasema, "Mama, unalala, na mulango iko wazi?" Hakufungua hata jicho la pili. Akanijibu: "Mulango iko wazi kwa sababu we njo uko pale. Mimi, nilishafunga."

Umeelewa? Hakuwahi kuacha mlango wazi, Rachida. Aliweka mtu. Alikuweka wewe, bibi arusi mwenye miguu mizima, ukae pale upokee mji, yeye akapumzike apate nguvu ya kupika tena jioni. Wewe uliona mlango wazi maana mlango ulikuwa ni wewe. Na mpaka leo umekaa pale pale, umesahau kwamba kigodani hakai anayepika.

Wala usimwone Mama mjanja. Mume wake alikuwa kaburini, mtoto wake yuko darasani risasi zikilia, mji mzima unamtegemea kwa kuosha maiti wake. Bila usingizi ule na yeye angekufa. Alijua hivyo. Hakutuambia kwa sababu alijua tukijua amelala tu, tutamwita kila mara.

Desturi ya asiyepiga hodi sikwambii uivunje, mimi pia ningeogopa. Lakini una kichwa. Asiyepiga hodi anahitaji sabuni, hahitaji wewe.

Funga mlango, mke wa mdogo wangu. Halafu uniambie ulisikia nini ndani.

Riziki

*

Kindu, 17 Desemba 2024

Wifi yangu, dada yangu, mwongo mkubwa wewe wa miaka ishirini na miwili,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, watu watano wananizunguka. Nikacheka peke yangu. Mmoja akasema, "Mama amepata habari ya furaha?" Nikasema ndiyo, mama mkwe wangu alikuwa analala. Wakanitazama wakatazamana. Najua jioni yake mji ulisema Rachida amerukwa.

Kwanza nilikukasirikia. Miaka yote hii! Halafu nikamkasirikia Mama, halafu nikaona ninamkasirikia mtu aliyelala tu, nikaona aibu. Mwisho nikamlilia upya, kama amefariki juzi, lakini kilio kizuri. Nilikuwa nimemfanya chuma. Sasa namwona kwenye kanga zake mbili anakoroma, na nampenda zaidi.

Nikaanza kutenda kabla moyo haujageuka. Nilichukua kikapu kile cha mfuniko nilichoolewa nacho, nikakitundika nje ya ukuta, pembeni ya mlango, chini ya ukingo wa bati mvua isipofika. Ndani nikaweka vipande vya sabuni nyeupe isiyo na manukato, kila kimoja nimekifunga kwenye jani. Sikuandika kitu. Nilimwambia Mamy tu, na kumwambia Mamy kunatosha. Jumatano iliyopita niliinua mfuniko nikakuta kipande kimoja hakipo. Sikusikia hatua wala sauti. Nikasema inna lillahi, nikaweka kingine.

Sabuni zote nimezitoa chumbani. Zimejaa sebuleni mpaka kwenye viti vya wageni, wageni wasimame. Na mwenye hoteli mmoja aliyetaka oda ya kila wiki nimemwambia hapana. Neno lenyewe lilitoka dogo, kama la mtu mwenye mafua, lakini lilitoka. Akasema basi atachukua nusu. Nilikuwa nimejiandaa dunia ianguke, naye akasema nusu! Mamy nimempa asubuhi zote za kuuza, mapato ya asubuhi ni yake, na anapenda kuongea kuliko mimi.

Halafu ile siku yenyewe. Jumatatu ya wiki iliyopita, Djamali anavaa kwenda kufundisha, nikamwambia, "Leo ukimaliza, rudia hapa." Akashtuka. Akauliza, "Kuna kazi ya kubeba?" Nikamwambia, "Rudi tu." Uso wake ulikuwa kama wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Habari ya Florentin na mkeka wake ninayo sasa, kwa hiyo kiapo chako kimepona, usiwe na wasiwasi. Alinieleza mwenyewe, yote, na ile siku ya mchaichai akanirudia neno lake lilivyokuwa. Nimeuliza mara mbili ili nilisikie mara mbili. Lakini hayo aliyasema baadaye, baada ya haya ninayokusimulia.

Nilipika mboga ya sombe na samaki wako, nikafunika. Nikaswali adhuhuri na rakaa zangu zote nne, nimezihesabu. Nikafunga mlango. Komeo lile halijatumika miaka, lilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Nikatandika kitanda chenyewe, shuka safi, nikajilaza katikati, mikono imeenea, nikaona kumbe kitanda changu ni kikubwa.

Uliniagiza nikuambie nilisikia nini ndani. Mwanzo nilisikia watu tu. Walisukuma mlango, wakagonga, wakaita. Mmoja akasema, "Amefariki?" Sauti ya Mamy ikajibu kwa ukali, "Anapumzika. Kwani ye haiko muntu?" Wakanung'unika, wengine wakaondoka, wengine nikasikia wanatafuta mahali pa kukaa. Mimi sikulala. Nilikuwa namsubiri Djamali, na Djamali haji. Chakula kinapoa. Nikaanza kuwaza yale yale: ameshazoea huko kwingine, nimechelewa, nimefunga mlango nyumba ikiwa tupu. Nikakaa kitandani na viatu mkononi, nusu ya kwenda Mikelenge kumtafuta, nusu ya kurudi kwenye masufuria yangu ambayo angalau nayajua.

Nje mtu akakohoa. Kikohozi kile, Riziki, nimelala nacho tangu niletwe katika nyumba hii.

Nikatazama kwenye upenyo wa mbao. Walikuwa wamejipanga ukutani, kwenye kivuli. Mbele mama mwenye karai, nyuma yake msichana wa hotelini, na wa tatu ni mume wangu. Amekaa juu ya tofali, madaftari ya wanafunzi magotini, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha. Ametulia kabisa.

Nikamwita kwa upenyo, "Djamali! Unafanya nini hapo?"

Akasimama, madaftari yakamwanguka. "Nilikuta mulango imefungwa," akasema. "Nikajua unapumzika. Niko nangoja saa ya kufungua."

"Tangu saa ngapi?"

Yule mama wa karai akamjibia: "Bwana huyu alifika wa kwanza. Njo alituachia nafasi, akasema sisi tuko na haraka."

Nilivuta komeo. Mlango ulipofunguka wote wakanyanyuka na makarai yao, na msichana akatanguliza mguu. Nikawainulia mkono, nikasema, "Bado. Alasiri." Kisha nikamshika Djamali kwa lile shati lake la kazi, mbele yao wote, nikamvuta ndani.

"Ingia," nikamwambia. "Weye hauko muteja."

Wifi yako,
Rachida